Mshika Tatu

Nikinusa gunia la pamba, kiwiko kinaniuma. Kiwiko changu mwenyewe, ambacho tangu nizaliwe hakijawahi kuvunjika wala kuteguka. Ni ile harufu ya katani yenye vumbi, mafuta ya mbegu za pamba na jasho la waliobeba. Ukiizoea utotoni haikutoki tena. Mwaka jana nilikuwa Bariadi kwa mama yangu, akanituma sokoni nikanunue mito miwili, na nilipokaribia kibanda cha mshona mito harufu hiyo ikanipokea kabla sijafika mlangoni. Nikasimama. Ndani nilimsikia mwanamke akicheka na mteja, na kicheko kile nilikijua. Nilikuwa nimekikwepa kwa miaka mingi. Kila nikija likizo napita barabara ya nyuma. Sasa kabla sijaingia, ngoja niwaambie nilichofanya. Nimechoka kukibeba peke yangu, na nyie hamnijui, hamtakwenda kunisema kwa mama.

Naitwa Minza. Wakati huo nilikuwa darasa la saba, mwembamba, mrefu, na mdomo wangu hauna breki. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, vitu vilivyokuwa vikipatikana kwa foleni na kwa kujuana vilipoanza kumwagika madukani: sabuni za kunukia, ndoo za rangi, redio za kaseti zenye spika mbili. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani zao na malori yao, na godauni la ushirika, lililokuwa likijaa marobota mpaka darini, likabaki na popo. Likaja pia banda la video lenye jenereta la kukohoa. Humo ndimo tulimoona watu wa mbali wakirushiana mateke hewani huku wakilia kama paka. Mji mzima ukachanganyikiwa. Watu wazima, baba za watu, walikuwa wanakunjiana ngumi sokoni badala ya kuamkiana mwangaluka, halafu wanacheka wenyewe.

Karate aliileta Bwana Shabani, mtu wa Kigoma aliyeuza mitumba pale mjini. Alikuwa amejifunza akiwa kijana Mwanza, akaiacha, akawa na kitambi na watoto sita. Siku moja akafungua belo la nguo za watoto, akakuta sare nane nyeupe, nzito, zina maandishi asiyoyajua kifuani. Mkewe alidhani ni nguo za wapishi, akataka kuziuza kwa mama ntilie. Shabani akasema hapana, hii ni ishara. Akaanzisha mafunzo nyuma ya duka lake, Jumatatu na Jumatano baada ya shule. Sare aligawa kwa vimo. Mikanda ilikuwa imechanganyika, basi nayo akaigawa kwa viuno, na mkanda mweusi akaupata mtoto wa fundi baiskeli ambaye hakuwa anajua lolote, kwa sababu mingine yote haikumzunguka. Mimi niliambulia wa njano. Kwa Shabani kila kitu kilikuwa mstari na sauti. Unapiga akisema piga, na unaacha akisema "yame", neno la Kijapani alilotuambia maana yake acha. Kabla hajasema, huachi, hata kama kuna nyoka mguuni.

Judo ilikuwa kwa Deusi. Huyu alikuwa karani wa mizani wa mnunuzi mmoja binafsi, kijana mpole mwenye masikio yaliyokunjamana, na mchezo huo alikuwa ameupata jeshini. Aliomba lile godauni la ushirika, akatandika magunia aliyoyajaza makapi ya kinu cha pamba, na juu yake tukawa tunaangushana kila Jumanne na Alhamisi. Tukirudi nyumbani nywele zimejaa pamba mpaka mama anauliza kama tumeajiriwa kinuni. Deusi alitufundisha kuanguka kabla ya kuangusha, halafu kumkaba mtu, halafu kumkunja mkono akiwa chini. Kila siku kabla ya kuanza alirudia maneno yaleyale. "Ukikabwa ukaona basi, gonga mara mbili. Gonga gunia, gonga mwenzako, popote. Na wewe ukigongwa, unaachia. Kabla hujafikiri, unaachia." Alikuwa anayasema taratibu, anamtazama kila mmoja wetu.

Fimbo nilifundishwa na bibi, mzaa mama, aliyehamia kwetu kutoka Kalemela na ng'ombe wake wanne baada ya babu kufariki. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo machungani alikwenda yeye, na huko wavulana wa watu walimfundisha fimbo kwa kumchapa nayo. Kufika miaka kumi na mitano, alisema, hakuna aliyekuwa anamchapa tena. Goti lake moja lilikuwa bovu. Jumamosi jioni alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa pale zizini, mimi nasimama, na bado alinipata kila nilipopepesa macho. "Ng'wanone, mwanangu, fimbo yako imelala," alikuwa anasema, halafu paa, kwenye vidole. Alinipa sheria moja tu. Mwenzako akiweka fimbo chini, na wewe unaweka yako, halafu unamshika mkono unamwinua.

Basi ndiyo hivyo, sanaa tatu, walimu watatu, na mwili mmoja uliokuwa na michubuko ya kila rangi. Tatizo ni kwamba Shabani na Deusi hawakuiva chungu kimoja. Kila mmoja alituapisha kwamba hatutakwenda kwa mwenzake. "Mshika mbili moja humponyoka," Shabani alipenda kusema, akiinua kidole. Mimi nilikuwa nimeshika tatu, na moyoni nilimcheka. Shabani alijua kwamba siku za Jumanne napeleka mahindi mashineni. Deusi alijua Jumatatu nina mazoezi ya kwaya. Ole wake ambaye angeniomba niimbe.

Aliyekuwa anajua ukweli wote ni Nyamizi. Nyumba zetu zilipakana, dawati letu lilikuwa moja, na siku za judo ule mkanda wangu wa njano ulikaa kwenye mfuko wake wa madaftari ili Deusi asiuone kwangu. Nyamizi alikwenda judo tu. Nilimsihi mara nyingi aje na karate, akasema moja inamtosha. Alikuwa msichana wa maneno machache na mikono yenye akili. Kuchuma pamba alichuma kwa mikono yote miwili pamoja, mama zetu wakabaki nyuma. Hesabu alikuwa wa kwanza, na mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka mwalimu mkuu alimwita kuandika matangazo ya shule. Kila mtu alijua kwamba mwaka ule kama shule yetu itatoa mtu mmoja tu wa kwenda sekondari, ni Nyamizi. Na kwenye magunia ya Deusi alinibwaga kila nilipomshika. Kila mara, jamani, hata siku ana homa. Halafu ananinyooshea mkono niinuke, ananipangusa pamba nywelani. Nilimpenda sana. Na kulikuwa na kitu kidogo kichungu ndani yangu ambacho sikukijua jina.

Ubishi wa karate na judo ukakua mjini mpaka ukawa kero. Kuna waliosema teke ndilo baba lao, kuna waliosema ukishashikwa teke la nini. Kwetu Usukumani ubishi wa namna hiyo una dawa yake. Baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma hukutana uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na vyote vinacheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watu wanakimbilia kunakonoga, wakiona kule kunanoga zaidi wanakimbilia kule, na mwisho mwenye watu wengi ndiye ameshinda. Sijui nani alianza kusema pale dukani kwamba hawa nao wacheze kama kwenye mbina, ngoma zetu hizo za kushindana, tuone. Ikapita. Shabani akakubali, Deusi akakubali shingo upande, na siku ikapangwa: Jumamosi moja ya mwezi wa nane, uwanja wa mnada. Hakuna aliyefikiri kwamba anayecheza ngoma, watu wakimkimbilia, anatikisa mabega zaidi, basi; lakini mtoto aliyemkunja mwenzake mkono, watu wakimkimbilia atafanya nini, hilo halikuulizwa. Watu waliulizana dawa tu. Ilivumishwa kwamba Shabani ameleta ya kwao ya kuvuta watu, na kwamba Deusi amefukia kitu upande wa mashariki.

"Na wewe utakuwa upande upi?" bibi aliniuliza. Nikamwambia pande zote mbili. Akasonya, akasema ngoma mbili hazichezwi na kiuno kimoja. Niliona ni maneno ya kizee.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Wauza miwa, wauza karanga, wachungaji na fimbo zao, wamama na watoto mgongoni. Karate magharibi, judo mashariki, na katikati kundi la watu likisubiri kuvutwa. Mpango wangu ulikuwa nionekane mwanzo kwa Shabani, kwenye mstari, nipige ngumi hewani na wenzangu, halafu nijifanye tumbo linaniuma, nikimbie mashariki nikapambane na Nyamizi, nirudi kuvunja ubao. Kumbukeni, nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mpango ulionekana hauna kasoro.

Mara ya kwanza nilivuka uwanja hakuna aliyenijali, ila zamu yangu na Nyamizi ilikuwa bado, nikarudi. Mara ya pili mchungaji mmoja akapaza sauti, "Haa, si ndiye yule wa kule?" Mara ya tatu nilikuwa nakimbia huku nafungua mkanda wa njano nafunga mweupe wa judo, suruali inashuka, na uwanja mzima ukaangua kicheko. "Huyo! Huyo anakula kwa baba na kwa mama!" Shabani aliniona. Deusi naye aliniona. Nilipaswa kufa kwa aibu. Lakini watu walianza kunifuata. Kundi zima, na watoto mbele, likawa linakimbia ninakokimbia mimi, wakicheka, wakipiga miluzi, wakiuliza huyu binti wa nani. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunikimbilia. Niliona ile ni asali, nikatia mkono mzima.

Nilipofika mashariki Nyamizi alikuwa ananisubiri juu ya magunia. Aliniangalia, akanong'ona, "Tulia kwanza, unahema." Tukainamiana, tukashikana. Kwa kuwa nilikuwa nimelewa vile vicheko sikumwogopa kama siku zote, na nadhani yeye alikuwa bado ananionea huruma kwa kuhema kwangu. Nikamchota mguu. Akaanguka. Nyamizi, chini! Nikamwangukia, nikapata mkono wake wa kulia, nikaukunja vilevile Deusi alivyotufundisha, kiwiko chake juu ya paja langu. Nilikuwa nimemshinda kwa mara ya kwanza.

Akanigonga.

Wakati huohuo upande wa magharibi walivunja kitu, sijui tofali, na nikasikia mlio na kelele za watu. Nikainua macho. Kundi langu lilikuwa limegeuza shingo. Wengine walikuwa wameshaanza kukimbilia kule. Nikasikia vidole vyake tena kwenye mguu wangu, mara mbili, haraka. Na mimi nikafanya nini? Nikavuta. Nilivuta ili apige kelele, wageuke. Nasema hivi kwa mdomo wangu mwenyewe kwa sababu hakuna njia nyingine ya kulisema. Akapiga kelele, wakageuka, wakaja mbio. Nakumbuka vumbi la miguu yao na furaha yangu. Halafu kitu kikalia ndani ya kiwiko cha Nyamizi, sauti ndogo tu, kama ukivunja kijiti cha kuwashia moto, na yeye akanyamaza.

Deusi ndiye aliyenitoa juu yake. Hakunipiga. Alimfunga mkono kwa shati lake, akambeba mpaka hospitali akikimbia, kifua wazi, mbele ya watu wote.

Jioni ile kikao kikakaa nyumbani kwa kina Nyamizi. Alikuwepo baba yake, Mzee Maduhu, mtu wa kuchunga na kulima asiye na makuu. Alikuwepo mtendaji, walimu wangu wawili, mama yangu na bibi. Nyamizi alikuwa amelazwa chumba cha pili akiwa na plasta ngumu nyeupe kuanzia begani mpaka vidoleni, na dirisha lake lilikuwa wazi. Mzee Maduhu aliniuliza bila ukali, na hicho ndicho kilichoniua. "Ng'wanone, mwenzako hakukuonyesha kwamba ameshindwa?"

Watu wote wakanitazama, na mara hii haikuwa tamu. Jibu likaja lenyewe, limeiva kabisa. Nikasema nilichanganya. Nikasema kwenye karate mtu haachi mpaka mwalimu aseme yame, na mimi nilikuwa natoka karate muda uleule, akili ilikuwa bado huko, nikawa nasubiri sauti. Nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli, kwa hiyo na maneno yakaonekana ya kweli.

Shabani akapiga paja. "Si nilisema? Mshika mbili moja humponyoka!" Mkutano mzima ukaitikia kwa vichwa. Kweli kabisa. Mtoto amejichanganya. Hivi vitu vya kigeni vingi mno kwa kichwa cha mtoto. Ajabu ya methali ndiyo hiyo, ikishatajwa hakuna anayeuliza tena. Mtendaji akasema kwa kuwa mkono umevunjikia kwenye judo, judo ifungwe, na Deusi akaambiwa alipaswa kuwajua wanafunzi wake wanatoka wapi. Deusi alikuwa anatazama chini. Alisema, "Ni kweli, kosa ni langu." Baada ya wiki mbili bosi wake akamhamishia Maswa, kwenye mizani ya kijiji cha Binza, na sikumwona tena. Sikumtafuta pia. Dirishani kwa Nyamizi hakukusikika neno.

Niliamini nimepona. Siku ya tatu nilikuwa jikoni na bibi, tunakata viazi vitamu vya michembe. Yeye anakata, mimi natandaza kwenye jamvi vikauke. Tulikuwa tunaongea habari za kuku aliyepotea. Bila kuinua uso, na kwa sauti ileile ya kuku, akauliza, "Hivi alikugonga mara ngapi?"

"Nne," nikasema.

Kisu chake kikasimama. Ndipo na mimi nikajisikia. Mtu aliyechanganya hahesabu. Mtu ambaye akili yake iko karate anasubiri sauti hawezi kujua kwamba ziligongwa mbili, halafu mbili. Bibi alinitazama kidogo, akaendelea kukata viazi. Hakunisema kwa mtu yeyote. Jumamosi ilipofika nilichukua fimbo nikaenda zizini, nikamkuta amekalia kile kinu lakini mikono mitupu. "Nenda kasome," akasema. Hakunifundisha tena mpaka anaingia kaburini, na kila nilipomwomba alisema goti linamsumbua.

Mtihani wa darasa la saba ulikuja wiki chache baadaye. Nyamizi aliingia chumbani na plasta yake, akakaa dawati la mbele yangu, akaandika kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa namwona mgongo. Alikuwa anabana ulimi, anaandika herufi moja, anapumzika, anaandika nyingine. Mara mbili kalamu ilimponyoka ikabingirika mpaka miguuni kwangu, na mara zote mbili niliiokota nikampa, na mara zote mbili alinong'ona asante. Muda ulipokwisha alikuwa na kurasa nzima hajazigusa. Nilimwona anazihesabu kwa macho kabla hazijachukuliwa.

Matokeo yalipotoka, nilichaguliwa mimi. Mimi Minza, niliyekuwa nanakili hesabu kwake. Mama akachinja jogoo, majirani wakaja, na Nyamizi akaja pia. Plasta ilikuwa imetolewa lakini mkono ulikuwa umegoma kunyooka, umebaki umekunjika mbele ya tumbo. Alikuwa ameniletea sanduku la bati la shule ambalo baba yake alikuwa amelinunua mapema, kwa ajili yake, kabla ya mwezi wa nane. Alilinyanyua kwa mkono mmoja akanikabidhi. Kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumdharau, na Nyamizi alikuwa mtoto aliyelelewa. Akainamisha kichwa. "Samahani, Minza," akasema, "nakupa kwa kushoto."

Aliniomba radhi. Nikasema haina shida. Wenzangu, haya maneno mawili, haina shida, nimeyasikia usiku na mchana kwa karibu miaka thelathini.

Sasa mnajua kwa nini nilisimama mlangoni mwa kile kibanda. Nilipita, nikarudi, nikapita tena. Mteja wake akatoka. Nikaingia.

Alikuwa amekaa mkekani katikati ya pamba, anajaza mto kwa mkono wa kushoto huku ule wa kulia umebana mdomo wa mfuko kifuani. Amenenepa. Nywele zina pamba, au mvi, sikujua. "Mwadila, Minza," akasema bila kushtuka. "Umepita hapo mara tatu. Nikadhani unatafuta choo."

"Mwadila, Nyamizi."

Akaninyooshea mkono wa kulia. Haukufika mbali. Ilinibidi nipige magoti nisogee kwake ili niupate, nikaushika kwa mikono yangu yote miwili, na nikiwa nimeushika hivyo nikasema yote. Kwamba sikuchanganya. Kwamba nilisikia, nilihesabu, mara nne. Kwamba nilivuta ili watu wageuke.

"Tano," akasema. "Ya mwisho niligonga gunia, hukuisikia. Mimi ndiye niliyekuwa nagonga, Minza. Nitakosaje kujua? Ulinitazama usoni, halafu ukatazama watu."

Nikamuuliza kwa nini siku ile hakusema, dirisha lilikuwa wazi, alisikia kila neno. Akajibu, "Wote walikuwa wameshaelewana. Na nikisema, nabaki na nani? Rafiki nilikuwa naye mmoja." Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya mto.

Hapo nikamwaga machozi, na siyo kwa staha. Nikamwambia anisamehe, aseme nimfanyie nini, nimpeleke kwa madaktari, nisomeshe wanawe, aseme neno tu, aseme amenisamehe, sitatoka humo ndani mpaka aseme. Nikawa nautikisa ule mkono. Nilikuwa naongea kwa sauti kubwa, maana yule mdomo usio na breki ninao mpaka leo.

Ndipo nikasikia vidole vyake vya kushoto juu ya kifundo cha mkono wangu. Mara mbili. Polepole.

Nikainua macho. Mlangoni walikuwa wamesimama wanawake wawili na mtoto wa shule, wameacha safari zao wanatutazama. Na mimi hapo chini, nimeushika mkono uleule, mbele ya watu, namkamua Nyamizi anipe kitu ninachokitaka. Miaka yote niliamini kwamba kosa langu ni zile sekunde chache za uwanjani, na kwamba dawa yake ni kukiri. Kumbe hata kukiri naweza kukugeuza uwanja wa mnada. Bibi aliliona mapema, ndiyo maana aliniondolea fimbo. Aliona kwamba nimejua kushika kote kulikofundishwa, ila kule kuachia, ambako walimu wote watatu walikuweka mwanzo, sikuwahi kukujifunza hata kwa mmoja.

Nikaachia. Nyamizi akaurudisha mkono wake mapajani, akakipapasa kiwiko kidogo, akavuta mfuko mpya karibu. Akaniuliza mama yangu anapenda mto mgumu au laini.